Nafasi na Kasi: Hesabu ya Kupunguza Gharama za Diski za Wingu

Mfanyabiashara akikodi ghala la kuwekea mahindi huangalia mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa ghala, yaani magunia mangapi yataingia humo. La pili ni wachukuzi, yaani magunia mangapi yanaweza kuingizwa au kutolewa kwa saa moja. Mambo hayo mawili hayafanani. Mwenye magunia elfu kumi anayeyauza mara moja tu kwa mwaka anahitaji ghala kubwa na wachukuzi wachache. Mwenye duka la jumla, ambaye magunia yake ni mia mbili tu lakini yanaingia na kutoka kutwa nzima, anahitaji chumba kidogo na wachukuzi wengi.

Sasa msomaji na afikirie mwenye maghala ambaye amekataa katakata kukodisha wachukuzi peke yao. Kanuni yake ni moja: kila anayekodi nafasi ya magunia mia hupewa mchukuzi mmoja, basi. Mwenye duka la jumla atafanya nini? Atakodi ghala kubwa lililo tupu. Hana kitu cha kuweka humo. Anachokitaka ni wachukuzi wanaofuatana na ghala. Na kila mwisho wa mwezi atalipia hewa.

Watu wengi wanaohifadhi data zao katika kompyuta za kukodi wamekuwa wakilipia hewa kwa namna hiyo hiyo. Wapo wanaoilipia hata leo, ingawa kanuni iliyowalazimisha kufanya hivyo ilipata mbadala tangu Desemba 2020. Makala haya yanaeleza kanuni hiyo ilikuwa nini, ilifanana na nini katika historia ya mashine, na jinsi hesabu ya kidato cha pili inavyotosha kuonyesha fedha zinazoweza kuokolewa.

Wingu lililo ardhini

Neno "wingu" limekwisha zoeleka, lakini linaweza kumpotosha mwanafunzi. Hakuna data yoyote iliyo angani. Wingu ni majengo makubwa yenye kompyuta nyingi, umeme mwingi na mitambo ya kupozea joto. Mwenye majengo huzikodisha kompyuta hizo, kwa sehemu ndogo ndogo, kwa watu walio mbali kwa njia ya mtandao. Mojawapo ya makampuni makubwa ya kazi hiyo ni Amazon Web Services ya Marekani, ambayo ilianza kukodisha kompyuta zake mwaka 2006. Kundi lake la zamani zaidi la majengo liko kaskazini mwa jimbo la Virginia. Kundi lake la kwanza barani Afrika lilifunguliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwezi Aprili 2020.

Kompyuta ya kukodi, iitwayo seva, huhitaji diski ya kuwekea data. Mwezi Agosti 2008 kampuni hiyo ilianza kukodisha diski ambazo hazimo ndani ya seva yenyewe, bali zimeunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani wa kampuni. Diski ya namna hii hugawanywa katika vipande vidogo vyenye ukubwa sawa, viitwavyo bloku, na kila bloku ina namba yake. Seva ikihitaji data huita kwa namba: nipe bloku ya 40,512, andika haya katika bloku ya 7. Mwito mmoja wa kusoma au kuandika huitwa operesheni.

Kwa hiyo diski ina vipimo vitatu, na ni muhimu mwanafunzi asivichanganye. Kipimo cha kwanza ni ukubwa, ambao huhesabiwa kwa gigabaiti. Cha pili ni idadi ya operesheni inazoweza kutekeleza katika sekunde moja. Cha tatu ni mtiririko, yaani wingi wa data unaopita katika sekunde moja, ambao huhesabiwa kwa megabaiti. Katika mfano wa ghala, ukubwa ni idadi ya magunia yanayoingia, operesheni ni safari za wachukuzi, na mtiririko ni jumla ya mzigo unaopita mlangoni. Wachukuzi wengi wenye vifurushi vidogo hufanya safari nyingi ilhali mzigo ni mdogo. Wachache wenye mikokoteni hufanya safari chache na kupitisha mzigo mkubwa.

Ifahamike pia kwamba mpangaji hulipia ukubwa aliouomba, si ukubwa alioutumia. Diski ya gigabaiti 1,000 yenye data za gigabaiti 50 hulipiwa gigabaiti 1,000. Hata seva ikizimwa, diski huendelea kulipiwa mpaka ifutwe.

Sahani inayozunguka

Kwa nini kasi ifuatane na ukubwa? Ili kulielewa jambo hili, inafaa kurudi nyuma kidogo. Diski ya kwanza ya sumaku kuingia katika biashara ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, nazo zilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Mashine nzima ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Kila data ilipotakiwa, kichwa cha kusomea kilisogea hadi mahali pake, kisha kikasubiri sahani izunguke mpaka data hiyo ipite chini yake.

Diski za sumaku zilizofuata zimekuwa ndogo kwa umbo na zenye nafasi kubwa mno, lakini kusubiri huko hakukwisha. Ichukuliwe diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 1/120, ambayo ni milisekunde 8.3. Data inayotakiwa inaweza kuwa popote katika mduara, kwa hiyo kwa wastani kichwa husubiri nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Ukiongezwa muda wa kukisogeza kichwa, uchukuliwe kuwa milisekunde 8, jumla ni milisekunde 12.2. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kwa hiyo diski hiyo haiwezi kutekeleza zaidi ya operesheni 80 hivi kwa sekunde.

Aliyetaka operesheni 800 kwa sekunde alihitaji diski kumi hivi zinazofanya kazi sambamba, hata kama data zake zote zingeenea katika diski moja. Kulipia nafasi tupu, katika hali hiyo, kulitokana na maumbile ya mashine yenyewe. Mtu hakuweza kununua vichwa bila kununua sahani.

Diski za leo zinazofanya kazi za haraka hazina sahani wala kichwa. Ni diski za hali mango: data huhifadhiwa kama chaji za umeme zilizonaswa ndani ya visanduku vidogo mno vya silikoni, na hakuna kinachozunguka. Kumbukumbu ya aina hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa katika kampuni ya Toshiba. Pale sahani ilipoondoka, ulazima wa kale wa kuchukua nafasi kubwa ili kupata kasi uliondoka nao. Hata hivyo, bei za diski za kukodi zilibaki na sura inayomkumbusha mtu enzi za sahani.

Tatu kwa kila gigabaiti

Mwezi Juni 2014 kampuni iliyotajwa ilitoa diski ya hali mango kwa matumizi ya kawaida, ikaiita gp2. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kukumbuka. Kila gigabaiti moja iliyokodiwa iliambatana na haki ya operesheni 3 kwa sekunde. Diski ndogo kabisa haikushuka chini ya operesheni 100, na kubwa iliwekewa kikomo, ambacho baadaye kilipandishwa hadi 16,000. Kwa hiyo diski ya gigabaiti 100 ilipata operesheni 300, ya gigabaiti 500 ilipata 1,500, na ya gigabaiti 1,000 ilipata 3,000. Bei katika Virginia Kaskazini ilikuwa dola 0.10 za Marekani kwa gigabaiti kwa mwezi.

Msomaji ataona mara moja kwamba hii ndiyo kanuni ya mwenye maghala aliyetajwa mwanzoni. Mtiririko nao ulifuata ukubwa: diski ndogo, hadi gigabaiti 170, ilipata megabaiti 128 kwa sekunde, na ile ya gigabaiti 334 au zaidi iliweza kufikia 250.

Pipa la akiba

Ili diski ndogo zisidhalilike, kampuni iliziwekea akiba. Akiba hiyo inafanana na pipa la maji lenye bomba linaloingiza na bomba linalotoa. Pipa likijaa lina operesheni 5,400,000. Bomba linaloingiza hutiririsha operesheni 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti ya diski. Kazi ikiwa nyingi, diski iliyo chini ya gigabaiti 1,000 inaruhusiwa kuchota hadi operesheni 3,000 kwa sekunde, maadamu pipa lina kitu.

Ichukuliwe kwa mfano chuo kinachosajili wanafunzi kwa njia ya mtandao, chenye diski ya gigabaiti 100. Usajili unafunguliwa saa mbili kamili asubuhi na wanafunzi wanaingia kwa pamoja. Diski inatoa operesheni 3,000 kila sekunde, na pipa linaingiza 300. Kwa hiyo pipa linapungua kwa 2,700 kila sekunde. Gawanya 5,400,000 kwa 2,700. Jibu ni sekunde 2,000, yaani dakika 33 na sekunde 20.

Inapokaribia saa mbili na dakika thelathini na nne, kasi inaanguka ghafla kutoka operesheni 3,000 hadi 300, moja ya kumi ya ile ya awali. Hakuna kilichoharibika. Seva iko hai, mtandao upo, diski ni nzima. Lakini mwanafunzi aliyesafiri kutoka kijijini hadi mjini, akalipia saa moja ya intaneti ili ajisajili kabla ya siku ya mwisho, anautazama ukurasa usiofunguka. Na hata wanafunzi wote wakikata tamaa na kuondoka, pipa litahitaji sekunde 18,000, yaani saa tano, kujaa tena.

Fundi wa chuo hicho, baada ya kuyaona hayo mara moja, hangoji kuyaona mara ya pili. Anaongeza diski hadi gigabaiti 1,000 ili apate operesheni 3,000 za kudumu. Data zake hazizidi gigabaiti 200, nazo zitachukua miaka kuongezeka. Bili ya diski inapanda kutoka dola 10 kwa mwezi hadi dola 100. Fundi huyo hakukosea. Chini ya kanuni ile, kuongeza ukubwa ndiyo njia nyepesi iliyokuwapo. Hasara inakuja kanuni inapobadilika na diski ikaachwa kama ilivyo.

Kamba yakatwa

Desemba 2020 kampuni ilitoa aina nyingine, gp3, ambayo ilikata kamba iliyofunga kasi na ukubwa. Kila diski ya aina hii, iwe kubwa au ndogo, hupata operesheni 3,000 kwa sekunde na mtiririko wa megabaiti 125 kwa sekunde, bila malipo ya ziada na bila pipa la akiba. Bei iliyotangazwa kwa Virginia Kaskazini ilikuwa dola 0.08 kwa gigabaiti kwa mwezi, pungufu kwa asilimia 20 kuliko ile ya gp2. Anayetaka zaidi hununua kile tu anachokitaka: kila operesheni moja ya ziada ni dola 0.005 kwa mwezi, na kila megabaiti moja ya ziada ya mtiririko ni dola 0.04 kwa mwezi.

Kwa lugha ya ghala, mwenye maghala sasa anampa kila mpangaji kikosi cha wachukuzi, na anayetaka wengine huwakodi peke yao.

Hesabu ya chuo kile inakuwa kama ifuatavyo. Fundi akibadili aina tu, bila kugusa ukubwa, atalipa 1,000 × 0.08, yaani dola 80 badala ya 100. Akienda hatua ya pili, akahamishia data zake katika diski ya gp3 ya gigabaiti 200, atalipa dola 16, na operesheni zitakuwa zile zile 3,000. Tofauti ni dola 84 kwa mwezi, au dola 1,008 kwa mwaka. Hatua ya kwanza imeokoa asilimia 20 na ya pili imefikisha asilimia 84. Sehemu kubwa ya akiba, basi, imetokana na kuacha kulipia hewa. Punguzo la bei limechangia sehemu ndogo tu.

Wanafunzi wa aljebra wanaweza kuliangalia jambo hili kwa upana zaidi. S iwe ukubwa wa diski, kati ya gigabaiti 1,000 na 5,333, na ichukuliwe kwamba mwenye diski anataka kasi ile ile aliyoizoea, bila kupungukiwa hata kidogo. Chini ya gp2 alilipa 0.10S. Chini ya gp3 atalipa 0.08S kwa nafasi, 0.005 × (3S − 3,000) kwa operesheni za ziada, na 0.04 × 125 kwa mtiririko wa ziada, ili ufike 250. Jumla yake ni 0.095S − 10. Tofauti kati ya bili ya kale na mpya ni 0.005S + 10.

Matokeo haya yanafundisha mambo mawili. Kwanza, katika mipaka hiyo tofauti daima ni chanya, kwa hiyo kubadili kuna faida hata kwa anayehitaji kasi yote ya awali. Pili, asilimia ya faida hushuka diski inapokuwa kubwa. Diski ya gigabaiti 1,000 huokoa dola 15 katika 100, yaani asilimia 15. Ya gigabaiti 2,000 huokoa 20 katika 200, yaani asilimia 10. Ya gigabaiti 5,000 huokoa 35 katika 500, yaani asilimia 7. Asilimia 20 inayotajwa katika matangazo ni ya nafasi peke yake. Anayetaka kujua faida yake ya kweli hana budi kujua kwanza anahitaji kasi kiasi gani.

Wastani unaoficha

Basi kazi ya kwanza ni kupima. Kampuni yenyewe humpa mpangaji grafu za operesheni na mtiririko wa kila diski bila malipo ya ziada. Lakini grafu ina hila yake, nayo ni wastani.

Irudiwe siku ile ya usajili. Diski ilifanya operesheni 3,000 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 1,800, yaani nusu saa. Ichukuliwe kwamba katika sekunde 84,600 zilizobaki za siku ilifanya 20 tu kwa sekunde. Jumla ni 5,400,000 na 1,692,000, yaani 7,092,000. Ikigawanywa kwa sekunde 86,400 za siku nzima, wastani ni operesheni 82 kwa sekunde. Anayesoma wastani huo ataamini kwamba diski ya sumaku ya zamani ingemtosha, kumbe kwa nusu saa ile wanafunzi wake walihitaji 3,000. Kipimo kinachofaa ni kilele cha kila dakika, tena kwa muda unaoingiza siku zenye kazi nyingi: siku ya usajili, siku ya matokeo, mwisho wa mwezi.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni mtiririko. Diski ya gp2 ya gigabaiti 334 au zaidi iliweza kufikia megabaiti 250 kwa sekunde. Gp3 isiyoongezwa chochote huishia 125. Anayebadili kwa haraka anaweza kuona nakala za usiku, zilizokuwa zikimalizika kwa saa mbili, zikichukua saa nne. Dawa yake ni dola 5 kwa mwezi, lakini ni lazima mtu akumbuke kuiomba.

Mtego wa pili ni kwamba diski hizi zinaweza kukuzwa lakini haziwezi kupunguzwa. Kubadili aina ni amri moja tu. Kupunguza ukubwa kunadai kufungua diski mpya iliyo ndogo, kunakili data zote, kuhakikisha zimefika salama, na ndipo ya kale ifutwe. Akisahau kuifuta, mpangaji atalipia zote mbili.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba diski zote za bei kubwa ni upotevu. Ipo aina iitwayo io1 ambayo, katika Virginia Kaskazini, ilitozwa dola 0.125 kwa gigabaiti na dola 0.065 kwa kila operesheni iliyoombwa. Diski ya gigabaiti 100 yenye operesheni 3,000 hugharimu hapo dola 207.50 kwa mwezi, ilhali gp3 yenye ukubwa na operesheni hizo hizo hugharimu dola 8. Tofauti hiyo inashtua. Hata hivyo, gp3 imeundwa kutoa kasi iliyoahidiwa kwa asilimia 99 ya muda, na io1 kwa asilimia 99.9. Kwa daftari la wanafunzi tofauti hiyo si kitu. Kwa mfumo unaopitisha malipo ya benki usiku na mchana inaweza kuwa na uzito. Kila mmoja apime kwa mizani ya kazi yake.

Namna ya kubadili

Zamani kubadili aina ya diski kulimlazimu fundi kusimamisha kazi. Tangu Februari 2017 inawezekana kubadili huku seva ikiendelea kufanya kazi na diski ikiwa imeunganishwa. Mwenye hadhari huchukua kwanza nakala ya diski kama ilivyo siku hiyo, kisha hutoa amri ya kubadili. Kazi ya ndani ya kuhamisha bloku inaweza kuchukua muda mrefu. Diski ya gigabaiti 1,000 iliyojaa inaweza kuhitaji saa 6 hivi. Katika kipindi hicho kasi huwa kati ya ile ya kale na ile mpya, kwa hiyo haifai kuanza mabadiliko usiku wa kuamkia siku ya usajili. Inafaa pia kuanza na diski moja isiyo na kazi nzito, kuitazama kwa siku chache, na ndipo kuendelea na nyingine.

Kwa nini jambo hili lina uzito hapa kwetu

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, ilikuwa rahisi zaidi kwa vyuo, hospitali na makampuni ya hapa kutumia kompyuta zilizo ng'ambo. Pamoja na faida zake, njia hiyo ilileta bili ya aina mpya. Ada hukusanywa kwa shilingi, lakini nafasi ya diski huhesabiwa kwa dola. Shilingi ikishuka thamani, bili hupanda hata kama hakuna gigabaiti moja iliyoongezwa. Tena anayetumia majengo ya Cape Town kwa sababu ya ukaribu hukuta bei zilizo juu kuliko za Virginia, ingawa hapo pia gp3 ni nafuu kuliko gp2. Dola 1,008 za mwaka mmoja katika mfano wa chuo kile si fedha za kudharauliwa mahali ambapo maabara ya kemia hukosa asidi.

Kuna jambo moja la mwisho. Diski ya gp2 iliyofunguliwa mwaka 2016 haijigeuzi kuwa gp3. Kampuni haikuifuta aina ya kale, wala haikuwahamisha wapangaji wake kwa nguvu. Diski inaendelea kufanya kazi vizuri, bili inaendelea kuja, na hakuna kengele inayolia. Aliyeifungua huenda amekwisha hamia kazi nyingine, na aliyepokea nafasi yake hajui kwa nini ina gigabaiti 1,000. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linalotakiwa hapa ni ukurasa mmoja: kila diski, aina yake, ukubwa wake, data zilizomo, kilele cha operesheni na cha mtiririko, na jina la mtu anayejua kwa nini ipo. Mwenye ukurasa huo ataona mwenyewe ni wapi analipia hewa.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Diski ya gp2 ya gigabaiti 300 ina pipa lililojaa. Itaweza kutoa operesheni 3,000 kwa sekunde kwa muda gani kabla akiba haijakwisha?

2. Diski ya gigabaiti 400 inahitaji mtiririko wa megabaiti 250 kwa sekunde na operesheni 1,200. Kwa bei zilizotajwa, gharama yake kwa mwezi ni kiasi gani chini ya gp2, na kiasi gani chini ya gp3?

3. Diski ya sumaku inazunguka mara 10,000 kwa dakika, na kichwa chake husogea kwa wastani wa milisekunde 5. Je, inaweza kutekeleza operesheni ngapi kwa sekunde?

Majibu: (1) Sekunde 2,571, yaani dakika 42 na sekunde 51 hivi. (2) Dola 40 chini ya gp2. Dola 37 chini ya gp3. (3) Operesheni 125.